Fundi na Pikapu ya Bandani

Fundi hakuwa mtu wa haraka. Kila alipogusa chuma alijifuta kidole gumba pajani, akaguna kana kwamba gari limemjibu. Mjane alisimama mlangoni mwa banda, roho mkononi. Shemeji yake, aliyekula kwake tangu alipoolewa, alishaapa mbele ya ukoo kwamba pikapu hii marehemu aliinunua kabla ya ndoa, kwa hiyo ni ya ukoo, na mjane aondoke na nguo zake tu.

“Soma mwaka ulioandikwa kwenye kioo, fundi,” shemeji alisema, akichezesha ufunguo. “Sabini na nane. Huyu tulimuoa themanini.”

“Kioo huvunjika, bwana, kikawekwa cha gari jingine.”

Fundi alilala chali chini ya gari, akakwangua kutu kwenye chesisi, palipogongwa mwaka wa kuundwa, kwa ukucha, herufi moja baada ya nyingine, kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto tongotongo. Akajifuta pajani. Akakwangua tena.

“Themanini na mbili,” alisema, kwa sauti ileile anayoombea spana.

“Soma vizuri, wewe.”

Fundi alitoka chini ya gari, akaguna. “Nimesoma. Ufunguo mpe mama.”