Mama Taratibu na Daraja Jembamba

Umande bado haujakauka kwenye vioo. Gari dogo la kufundishia udereva limesimama kando ya barabara, hatua chache kabla ya daraja. Mbele yake kuna kibao cha pembetatu chenye ukingo mwekundu. Ndani yake mistari miwili myeusi inakaribiana, kisha inaachana.

"Haya mwanangu, kinasema nini hicho?" anauliza mwalimu.

Mwanafunzi wake, fundi cherehani anayetaka kusambaza sare za shule mwenyewe, anakikodolea macho. "Mwalimu, mimi naona gauni lililobanwa kiuno."

Mwalimu anacheka mpaka anashika dashibodi. "Basi na barabara imebanwa kiuno. Mbele daraja jembamba, wewe na lori hamwenei. Unafanyaje?"

"Napunguza mwendo, naangalia ng'ambo. Mwenzangu akiwa keshaingia, nasubiri."

"Na mkifika pamoja?"

"Nampisha."

"Hata kama haki ni yako?"

Fundi anakitazama tena kibao.

"Mpishe, mama. Haki haina faida kaburini."

Mwalimu huyu wanafunzi humwita Mama Taratibu. Kwa miaka kumi na tisa amefundisha akiwa kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu. Shule aliianzisha na mumewe: mume darasani, yeye barabarani. Miaka mitatu iliyopita homa ya mapafu ilimchukua mumewe. Watoto wao wawili wamepata kazi mbali, kila mmoja na hamsini zake.

"Mchana nasema mpaka koo linakauka," anasema. "Jioni nikifika nyumbani, hata wa kumwambia rudishia mlango sina. Wanafunzi nao ni maji ya mto. Wakipata leseni, wamepita."

Mmoja tu ndiye aliyempigia simu. Alikuwa dereva wa gari la mboga. Aliingia darajani lori likiwa katikati, akabanwa kwenye kingo, mguu ukavunjika.

"Aliniambia, 'Mama, kibao nilikiona, nikadhani nitamuwahi.' Nikawa naenda hospitali kila siku. Aliporuhusiwa nilishangilia, halafu nikarudi nyumbani nikalia. Nilishazoea kuwa na mtu wa kumpelekea supu."

Ghafla lori linatokea ng'ambo. Fundi, ambaye wiki iliyopita alitaka kupishana na lori kwa kujibana, leo anakanyaga breki mwenyewe. Anasubiri. Lori linapita, dereva wake anapunga mkono.

Mama Taratibu anatazama mguu wake mwenyewe. Haukugusa breki.

"Umeiva," anamwambia. Anatabasamu, lakini macho anayapeleka dirishani. Mtihani ni wiki ijayo. Huyu naye anaondoka.

Wanavuka polepole, kisha wanageuza. Somo huishia hapo siku zote. Lakini barabara ile inaendelea mpaka kwa mdogo wake Mama Taratibu, ambaye yeye hajamtembelea tangu mazishi ya mumewe. Tangu siku hiyo hajashika usukani kwa safari yake mwenyewe.

"Gari ninalo, njia naijua," anasema. "Lakini nilizoea safari za watu wawili. Peke yangu naona kama natoroka."

Mwisho wa mwezi atafunga shule kwa siku mbili na kuendesha mwenyewe. Mdogo wake ameshaambiwa.

"Kanijibu, 'Dada, njoo, chumba nimeshakifagia.'" Anafuta kioo kwa kiganja, anakaa sawa. "Safari hii, nikishavuka, sigeuzi."