Nafasi kati ya Mtu wa Sita na wa Saba

Nachonga vita ambavyo sikuviona. Mbao nazipata kwa mafundi samani wa Keko, vipande vya mninga vinavyobaki wakishamaliza vitanda, na kazi yenyewe, kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuichapa kwenye karatasi, nilijifunza kwa kuharibu. Palipochongwa hapashiki wino, hubaki peupe kwenye karatasi. Palipoachwa hutoka peusi. Mafundi wakiniona huniita, "Mzee wa vita, leo umeua wangapi?" Nacheka nao, kisha narudi nyumbani.

Nyumbani yupo baba. Alipigana vita vya Uganda akiwa kijana, na tangu mama afariki anaishi kwangu. Tunakula meza moja, tunasikiliza taarifa ya habari, tunaagana. Kuhusu vita hakuwahi kuniambia lolote. Nilianza kuchonga wanajeshi nikiwa na hesabu moja: ipo siku ataona nimekosea, na katika kunisahihisha atasimulia.

Jumapili moja baada ya ibada nilimtandikia picha mezani. Kikosi kinapita kwenye nyasi ndefu, bunduki mikononi. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Wote hawa wanatazama mbele," alisema. "Sie tulikuwa tunatazama miguuni."

"Kwa nini, Baba?"

"Mabomu yanafukiwa ardhini, mwanangu, sio mawinguni."

Nilichukua ubao mpya. Kwa wiki tatu nikainamisha vichwa kumi na vinne, kimoja kimoja. Nilipomwonyesha, aliweka kidole katikati ya mstari, penye weupe kati ya mtu wa sita na wa saba.

"Hapa palikuwa na mmoja."

Nami, kwa mazoea ya kazi, nikaanza kumweleza. Mbao ikishatolewa hairudi. Pale hapawezi tena kushika wino. Ingebidi nianze upya. Nilieleza vizuri kabisa. Nilimletea hata ubao wenyewe apapase shimo. Alipapasa, akavua miwani.

"Basi, haina neno."

Kesho yake, kwenye chai, nilimuuliza mtu yule alikuwa nani.

"Si ulisema hapawezekani?" Akaniomba sukari.

Ubao wa tatu nimeumaliza. Mtu yumo, ila nimemchonga akiwa ametupa mgongo, kwa kuwa uso wake siujui. Jumapili iliyopita niliweka picha mezani kabla ya chakula. Baba aliisogeza kando taratibu, apate pa kuweka sahani.