Mvumo wa Juliana Uliokatwa Kilele

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Soweto jijini Mbeya inauma mifupa. Juliana Mwaisumo (52), mpishi wa shule ya msingi, ameinama bustanini akifuta vumbi kwenye majani ya mitende, jani moja baada ya jingine. Akifika kwenye mvumo, mti wa jamii ya mitende, anasimama tu.

Jani changa la katikati limekatwa hadi kwenye moyo wa mti.

"Mti huu hauchipui pembeni," anasema. "Ukikata moyo wake, umeua. Na Baba Frida anajua kuliko mimi."

Baba Frida ni mumewe, Obeid, dereva wa lori. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akirudi safarini na mbegu: michikichi ya Kyela, mikindu, mitende. Leo ipo miti thelathini na moja, imebanana nyuma ya nyumba ya vyumba viwili. Frida, binti yao, huandika majina ya miti hiyo kwa rangi kwenye vipande vya bati. Kiangazi, Juliana hubeba ndoo kumi na mbili za maji kabla ya kwenda kazini. Majirani hucheka: si bora wangepanda mahindi?

Mvumo ulikuwa mmoja tu. Mbegu yake ilitoka kwa Bujiku, mfugaji wa Chimala na rafiki wa Obeid. Kwa baridi hii, ulichukua miaka kumi na moja kufika kiunoni.

Mwezi uliopita Juliana aliukuta hivyo. Akaenda kuwagombeza watoto wa jirani, wakalia. Kesho yake Obeid akarudi, viatu vimejaa tope.

"Nani kakata mvumo wangu?" Juliana akamuuliza.

"Ni mimi, Mama Frida," Obeid akajibu. " Bujiku amefariki. Nililikata alfajiri nikiondoka, nikamwekea kaburini."

"Si ungechukua jani la pembeni?"

"Niliona aibu kumpelekea jani kuukuu."

Juliana alimwomba jirani radhi. Lakini moyo wake haujatulia hadi leo.

"Nikitaka kukasirika, namkumbuka marehemu. Nikitaka kumlilia marehemu, najikuta naulilia mti. Hata sijui nani ampe mwenzake pole, mimi au Baba Frida."

Juzi Sayi, mjane wa Bujiku, alituma mbegu tatu za mvumo. Shule zikifungwa, Juliana atakwenda Chimala kupanda moja kando ya kaburi. Mbili zitabaki Soweto.

"Kwenye baridi hii hii. Ni akili au ni ujinga, sijui," anasema, akijifuta mikono kwenye khanga. "Mashimo nimeshachimba."