Sauti Yangu Kwenye Spika za Omkareshwar

Walisimama mbele yangu watu wawili. Mmoja anasema, huyu ni mama yangu. Mwingine anasema, simjui huyu.

Na aliyewakutanisha ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Naitwa Kesar. Ni mtu wa Omkareshwar, mji wa mahujaji huku India, nimezaliwa nyuma ya soko la maua, mto Narmada tunaouita Mama nausikia tangu tumboni. Siku ya Amavasya, mwezi unapopotea kabisa angani, watu wanafurika kuoga mpaka ngazi za mtoni hazionekani. Mimi nakaa kibanda cha waliopotea, nashika kipaza sauti, naita majina.

Asubuhi ile afande Tomar akaniletea bibi mmoja. Sari ya bluu imelowa, macho makavu.

"Jina lako nani, bibi?"

"Rukhma."

"Umekuja na nani?"

Nikampa chai. Akainywa taratibu, kama yuko kwake.

Basi nikaita. "Bibi Rukhma, sari ya bluu, yuko kibandani. Mwenyewe aje."

Haukupita muda, jamaa akaja mbio, miguu peku, jasho linamtiririka. Jina lake Mangilal. Akaanguka miguuni pa yule bibi.

"Mama, umeniua leo. Nimekutafuta hadi kule darajani."

Bibi akavuta miguu yake.

"Kijana, umekosea. Mimi sina mtoto."

Jamaa akacheka kidogo, akidhani ni utani.

"Mama, acha basi. Watu wanatuangalia."

"Afande, niondolee huyu. Simjui."

Miaka ile simu za picha zilikuwa za wenye nazo, jamaa hakuwa na cha kuonyesha. Na pale mtoni kuna matapeli wanaokusanya wazee wakawaombeshe barabarani, kwa hiyo afande hakutaka mchezo.

"Kamlete mtu wa kijijini kwenu anayewajua wote wawili. La sivyo sikupi mtu."

"Afande, miguu yake imevimba, nimembeba mgongoni toka stendi. Dada, nisaidie kumwambia."

Dada nimwambie nini? Nilichokijua ni jina tu.

Askari wakamtoa. Alitembea kinyumenyume, macho kwa yule bibi, mpaka umati ukammeza.

Tukabaki wawili. Bibi akauliza kwa sauti ya chini:

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Hajala huyo tangu jana."

Nikamgeukia. Sasa machozi yanashuka.

"Bibi, kumbe ni mwanao."

"Wa pekee. Mkewe kamkimbia kwa sababu yangu. Kazi ya kiwandani kaacha ili aniogeshe, anilishe. Amechoka, binti yangu, ila hawezi kusema. Nikirudi naye, maisha yake yataisha kabla ya yangu. Niache hapa kwa Mama Narmada."

Nikamtafuta afande kwa macho. Yuko darajani, watu wanasukumana huko. Dirishani kwangu mwanaume analia, mkewe haonekani. Nikashika kipaza, nikamtangazia.

Nilipogeuka, glasi ya chai ipo. Bibi hayupo.

Nilimwita hadi sauti ikakauka.

Jioni Mangilal akarudi na mjomba wake. Nikamweleza yote, neno kwa neno. Hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye benchi lile lile alilokaa mama yake, akaishika ile glasi.

Wapiga mbizi hawakupata kitu. Mahujaji wanaouzunguka mto mzima kwa miguu kama ibada, wengine wanasema walimwona mbele huko, wengine wanasema siye. Mpaka leo hakuna ajuaye.

Kila Amavasya Mangilal anakuja. Mwaka uliofuata alikuja na mkewe, karudi mwenyewe, wakasimama wote dirishani kwangu.

"Niite vipi leo, kaka?"

"Usiite jina tu, dada. Sema Mangilal anasema hajachoka. Sema hakuwahi kuchoka."

Nikasema. Spika zikakoroma hadi ng'ambo. Chini kwenye ngazi vibibi kadhaa viligeuza vichwa, vikasikiliza, kisha vikarudi kuoga.

Wewe unayesoma hapa, kama una mzee nyumbani, usimwache akae anakisia kama umemchoka. Mwambie kwa mdomo wako leo, akiwa bado yuko karibu. Mimi nimemwambia yule bibi mara nyingi, na sijui kama yupo wa kunisikia.