Tambarare kwa Jicho la Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, anayajua mawe ya Mirihi kuliko anavyowajua majirani zake, na majirani wanamshukuru Mungu kwa hilo. Kazi yake ni kukagua mahali kitakapotua kigari cha utafiti. Chombo kinachoizunguka sayari hupiga picha mbili za sehemu ileile kwa pembe tofauti. Wifi huvaa miwani ya karatasi, upande mmoja mwekundu, mwingine wa buluu, na vilima vinainuka kwenye kioo cha kompyuta. Kompyuta nayo hupima, lakini mchanga laini huichanganya, na hapo lazima mtu aangalie kwa macho yake mawili.

Mimi ni katibu muhtasi wa mkuu wa kitengo. Nazuia wageni, natia chai majani, namtania wifi. Hilo la mwisho silipwi, ila ndilo nalifanya kwa bidii.

Mwezi ule wifi alianza kumimina chai nje ya kikombe, kwa utulivu wa mtu anayemwagilia maua.

"Wifi, kikombe kimekukosea nini?"

"Meza yenu imepinda."

Meza ilikuwa sawa. Jicho lake la kushoto ndilo lilikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali hataki kuisikia. Mtu anayeteremsha magari kwenye sayari nyingine anaogopa kisu cha daktari! Zaidi aliogopa kupokonywa kiti chake, maana kwa jicho moja miwani ile ni pambo tu; kila kitu kinakuwa bapa.

Akapeleka ripoti: uwanda wa mchanga wa kaskazini ni tambarare, kigari kitue hapo. Mkuu, anayependa habari yoyote isiyomwongezea kikao, alifurahi. Nikamfuata wifi msalani.

"Ni tambarare kweli, au tambarare kwako?"

"Usinichimbe."

"Mficha uchi hazai, wifi."

"Nimeshazaa watatu."

"Na wale waliokaa miaka wakikijenga kile kigari?"

Wifi akanawa tena mikono iliyokwisha takata.

Kikaoni, mkuu aliposhika kalamu asaini, wifi alisema, "Usisaini. Jicho langu la kushoto halioni. Siku hizi naona kila kitu bapa, hata tumbo lako."

Nilicheka peke yangu. Mkuu alilitazama tumbo lake, kisha akavaa ile miwani na kuiinamia picha kwa muda mrefu.

"Kuna shimo," alisema. "Katikati kabisa. Kigari kingetumbukia chote."

Wifi alifumba macho. Kisha akanigeukia. "Nipeleke kwa huyo mwenye kisu kabla sijabadili mawazo."

Kwenye ngazi alinishika mkono kwa nguvu, akipapasa kila kidato kwa ncha ya kiatu kabla ya kukikanyaga. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Mwezi mzima alikuwa akishuka hivyo peke yake, na mimi nyuma yake nikimcheka kwamba anaringa.