Shina Moja la Delphine Hruska

Delphine Hruska ana miaka sabini na mbili na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa sababu ya bangi. Aliilima wakati helikopta za serikali zilipokuwa zikija kuing'oa, akailima iliporuhusiwa, na anailima hata sasa ambapo bei imeanguka na nusu ya majirani zake katika bonde la Mattole wameuza mashamba. Sheria inampa mimea sita kwa nyumba. Yeye ana aina tisa.

Aina hizo zilichaguliwa na mumewe, marehemu Orrin, kwa miaka thelathini, na hakuna mwingine aliyebaki nazo. Mbegu hazisaidii, maana mbegu huchanganya damu. Aina hubaki ileile kwa kukata tawi la mmea wa zamani na kulikuza upya, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo barua ya ofisi ya wilaya ilipomtaka abaki na mimea sita, ilikuwa inamwambia aue aina tatu.

"Waje waniambie zipi," alisema, akaitumia barua kuwashia jiko.

Kisha akachukua wembe. Baba yake alikuwa na matufaha, na katika bonde lile hakuna asiyejua kwamba mti mmoja ukiunganishwa vizuri huzaa matufaha ya aina nne. Delphine alichagua mmea wenye mizizi imara kuliko yote, akakata chipukizi moja la kila aina nyingine, akachonga ncha ya kila moja kama kabari, akalichomeka kwenye ufa wa tawi, akafunga utepe na kulivika mfuko wa plastiki lisinyauke.

Yote yalikufa. Alikuwa amefuata desturi ya matufaha na kungoja matawi yawe magumu kama kuni, kumbe bangi hutaka matawi machanga, yenye maji. Msimu uliofuata aliwahi mapema, na machipukizi yote manane yakashika. Pamoja na aina ya shina lenyewe, zikatimia tisa. Akafunga kila tawi uzi wa sufu wa rangi yake, asije akachanganya, na ile mimea mingine akaing'oa.

Jirani yake, Buzz Kettering, alisimama kwenye uzio akicheka. "Delphine, hiyo ni bangi au mti wa Krismasi?"

"Mti wa Krismasi. Zawadi yako haimo."

Septemba alikuja mkaguzi, Curtis Amundsen, ambaye Delphine alimpeleka shule miaka sita kwa basi alilokuwa akiendesha. Kuna mtu alikuwa ameshtaki.

"Bi Delphine, nimetumwa kuhesabu."

"Karibu. Darasa la pili ulikuwa unakwama kwenye saba."

Curtis aliuzunguka mmea mara mbili. "Naona nyuzi tisa."

"Umetumwa kuhesabu mimea au sufu?"

"Kila uzi ni aina yake, usinizungushe."

"Sheria inasema aina? Nisomee."

Alifungua makaratasi, akasoma kimya. Iliandikwa mimea. Akakohoa. "Nikiandika tisa, Bi Delphine, utakata matawi matatu leo, mbele ya macho yangu."

Delphine alitoa wembe kwenye mfuko wa aproni, akamnyooshea. "Kata mwenyewe. Lakini piga magoti kwanza. Shika tawi lolote, lifuate mpaka ardhini, uniambie umekuta mashina mangapi."

Curtis alitazama suruali yake ya kazi, safi, iliyopigwa pasi. Akapiga magoti. Alishika tawi la uzi wa buluu, akashuka nalo, kisha la njano, kisha la kijani. Akafukua majani makavu kwa vidole. Kote alikuta shina lilelile, nene kama kifundo cha mkono.

"Moja," alisema.

"Sikusikia. Hata kwenye basi ulikuwa unanong'ona."

"Moja, Bi Delphine! Shina moja, mmea mmoja!"

"Andika."

Aliandika, akatia sahihi, akajipangusa magoti. Akiwa anaingia garini aligeuka, kama aliyepiga hesabu kwa kuchelewa. "Ina maana bado una nafasi ya mitano."

"Ndiyo, na sijakuuliza."

Mwaka huu bustani ya Delphine ina mashina sita, kila moja na matawi ya nyuzi tisa. Panya wakitafuna mizizi ya moja, aina zote za Orrin zimo katika mengine matano. Mwezi Mei aliiandikia ofisi ya wilaya barua yake mwenyewe, ya mstari mmoja: "Njooni mhesabu."