Jina la mbwa wetu linataka kunirudisha kwetu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Kasongo ni ndogo na wakwe zangu wote wana simu. Nina miaka ishirini na saba na mtoto mmoja. Nilizaliwa Kabambare, nikaolewa hapa Kasongo katika familia ya Waislamu wa tangu zamani. Mume wangu anachimba dhahabu Salamabila na haji mara kwa mara. Mimi naishi na mama mkwe, na kusema kweli mama huyo ananipenda.

Mume wangu alituletea mbwa wa kulinda uwanja, akamwita Mwizi-Anajijua. Huku kwetu jina la mbwa halitolewi bure. Mtu akiwa na neno na mwenzake na hataki ugomvi, anampa mbwa neno hilo, kisha kila jioni anamwita kwa sauti mpaka mlengwa asikie. Nilimuuliza mume wangu jina lile linamlenga nani. Akacheka, "Iko ya wezi wote." Nikaridhika, mjinga mimi!

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, naye ana mbwa, Simba. Jumapili huja naye kwetu, mbwa wanacheza uani, watoto wanafurahi, sisi tunakunywa chai. Jumapili iliyopita mtoto akawatupia kichwa cha samaki kimoja. Hapo mchezo ukageuka vita.

Kutenganisha mbwa naweza. Baba alinifundisha kwamba usitie mkono katikati, wamwagie maji, kisha vuta miguu ya nyuma. Nilimwaga ndoo nzima, nikamshika wetu miguu, wifi akainama kumvuta Simba. Shida ilikuwa mdomo wangu. Uso wangu na wa wifi karibu zinagusana, mimi napiga kelele, "Mwizi-Anajijua! Wacha! Mwizi-Anajijua, wacha!"

Mbwa waliachana, sikio tu lilichanika. Majirani waliokuja kusalimia walisikia yote. Wifi akasimama, kanga imelowa.

"Ni miye unaita vile? Mbele ya watu? Sema basi, miye niliiba nini!"

"Dada, niliita mbwa!"

"Ile jina iko na maana. Mutu alikutuma."

Nilimpigia mume wangu ili amtulize dada yake. Safari hii hakucheka. Akasema, "Mama Asha, ile jina iko ya dada kabisa. Cherehani ya marehemu baba, ile mama anasema wezi walivunja mlango, ni dada ndiye aliuzisha. Niliona na macho yangu. Mama akijua, ataanguka. Usimwambie mutu."

Wanasema tembo wakipigana nyasi huumia. Mimi hata tembo sikuwapata, nimeumizwa na mbwa! Sasa hata kumwita ale siwezi, nagonga sahani.

Wifi amekataa kila msamaha. Anataka Ijumaa, baada ya swala, nishike msahafu mbele ya familia yote, niape kwamba jina lile halimlengi yeye. Nikikataa, nirudishwe kwetu Kabambare. Yeye ndiye aliyeiba, na yeye ndiye anayetaka kiapo! Anadhani sijui kitu. Mume wangu ananiambia niape tu, Mungu ataelewa. Lakini mkono utakaoshika msahafu si wake, ni wangu.

Jana mama mkwe alinishika bega akasema, "Shika tu, mwanangu, maneno yaishe. Weye haujawahi kunidanganya." Niliingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Nikiapa, nimemdanganya Mungu na mama huyu kwa mkupuo mmoja. Nikisema kweli, namvunja mama moyo na namuumbua mume wangu. Nikinyamaza, itakuwa nimejihukumu mwenyewe, ni pikipiki na mtoto mgongoni. Ninyi mnaosoma, mlio na vichwa vilivyotulia kuliko changu, niambieni kabla ya Ijumaa: mama akiniletea msahafu kwa mikono yake mwenyewe, nifanye nini?